Kanuni ya tatu ya Newton imejificha kwenye "-ana": tuielewe kabla ya kuikariri

#1 kapi_na_kamba (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Juzi mpwa wangu alikuwa anajiandaa na mtihani wa fizikia, nikamuuliza kanuni ya tatu ya Newton. Akaitiririsha bila kupepesa macho: "Kwa kila tendo kuna mjibizo ulio sawa nalo na ulio kinyume chake." Safi. Nikachukua kitabu chake, nikakiweka mezani. Nikamwambia, haya, nionyeshe tendo ni lipi hapa na mjibizo ni upi.

Akajibu: tendo ni uzito wa kitabu, mjibizo ni meza inayokisukuma kitabu juu.

Nikacheka, maana hilohilo ndilo jibu nililoandika mimi nilipokuwa na umri wake, na nikapewa alama ya vema. Vema ya bure kabisa. Jibu si sahihi, na nimekaa nalo kichwani zaidi ya miaka kumi bila mtu kunishtua.

Tuangalie kitabu chenyewe. Tuseme kina masi ya kilo 1, kwa hiyo Dunia inakivuta chini kwa kani (nguvu ya kuvuta au kusukuma) ya karibu nyutoni 10, nyutoni ikiwa ni kipimo cha kani. Meza inakisukuma juu kwa nyutoni 10. Zinalingana, zinapingana, kila kitu kinafanana na kanuni ya tatu. Sasa weka kiganja juu ya kitabu ukikandamize kwa nyutoni 20. Uzito wa kitabu umebadilika? La, Dunia haijui kama umeweka mkono. Lakini meza sasa inasukuma juu kwa nyutoni 30. Kama uzito na msukumo wa meza vingekuwa jozi ya tendo na mjibizo, visingeweza kuachana hivyo, kwa sababu jozi ya kweli haiachani hata kwa nukta moja. Vilikuwa sawa mwanzoni kwa sababu kitabu kimetulia tu, na hilo ni suala la kanuni ya kwanza na ya pili, zinazoeleza jinsi jumla ya kani zilizo juu ya kitu kimoja inavyokifanya kitulie au kibadili mwendo.

Jozi za kweli ni hizi. Dunia inakivuta kitabu. Kitabu kinaivuta Dunia. Meza inakisukuma kitabu. Kitabu kinaisukuma meza. Umeona nilichofanya? Nimegeuza sentensi tu. Mtenda amekuwa mtendwa, na kitenzi kimebaki kilekile. Ukishindwa kuigeuza sentensi namna hiyo, ujue hujapata jozi.

Na hapa ndipo nilipoanza kushangaa Kiswahili chetu. Sisi tuna kiambishi cha -ana. Vuta, vutana. Sukuma, sukumana. Gonga, gongana. Halafu tazama majina tuliyoyapa kani zenyewe: mvutano, msuguano. Mvutano umetoka kwenye kuvutana. Msuguano umetoka kwenye kusuguana. Yaani aliyetuachia maneno haya ameshaingiza kanuni ya tatu ndani ya jina. Huwezi kutamka "kani ya mvutano" bila kukiri kwamba wako wawili na kila mmoja anavuta.

Tatizo ni hilo neno "mjibizo". Linakupa picha ya mtu anauliza, mwingine anafikiri kidogo, kisha anajibu. Hakuna anayeanza wala anayejibu. Ukuta hausubiri uusukume ndipo uamue kukusukuma. Ni tukio moja lenye ncha mbili, na ncha ipi uiite tendo ni hiari yako.

Karibuni tuchambue.

#2 siti_ya_mbele

Niko hapa nimekaa mkao wa kula. Shusha nondo mkuu.

#3 kichwa_ngumu

Mkuu umeeleza vizuri lakini mimi kuna kitu hakijawahi kuniingia. Kama kani ni sawa na zinaelekea kinyume, si zinafutana? Kumi toa kumi ni sifuri. Basi hapa duniani kisingesogea kitu. Farasi akivuta mkokoteni, mkokoteni nao unamvuta farasi vilevile. Wangebaki palepale hadi kiyama.

#4 kapi_na_kamba (mleta uzi)

Kichwa_ngumu, swali lako ndilo la maana kuliko yote, na kwa taarifa yako huyo farasi ni wa Newton mwenyewe. Kwenye kitabu chake cha mwaka 1687, baada tu ya kuitaja kanuni, alitoa mfano wa kidole kinachokandamiza jiwe, kisha wa farasi anayevuta jiwe kwa kamba. Akasema farasi naye anavutwa kurudi kwenye jiwe kwa kiasi kilekile.

Kuhusu kufutana: kani mbili hufutana zikiwa juu ya kitu kimoja. Hizi ziko juu ya vitu viwili tofauti. Nikikuzaba kofi, shavu lako linawaka na kiganja changu kinawaka. Kuwaka kwa kiganja changu hakukupunguzii wewe maumivu hata chembe.

Sasa mfuate farasi peke yake, usahau mkokoteni. Kwato zake zinaisukuma ardhi nyuma. Geuza sentensi: ardhi inamsukuma farasi mbele. Mkokoteni unamvuta nyuma. Ardhi ikimsukuma mbele kwa nyutoni 500 na mkokoteni ukamvuta nyuma kwa nyutoni 400, ana nyutoni 100 za ziada, anaongeza mwendo. Kisha mfuate mkokoteni peke yake: farasi anauvuta mbele kwa nyutoni 400, msuguano wa magurudumu unaurudisha nyuma kwa, tuseme, 300. Nao una 100 za ziada. Wote wanachapuka pamoja. (Nimechukulia wana masi sawa ili hesabu isitutese.)

Umeona kuwa zile 400 na 400 ni sawa kabisa wakati wote, na bado msafara unakwenda? Kinachouendesha ni ardhi. Mpeleke farasi huyohuyo kwenye barafu inayoteleza, misuli ni ileile, lakini ardhi imekataa kusukumana naye. Atachezesha miguu tu.

#5 kichwa_ngumu

Dah. Kwa hiyo gari halisukumwi na injini, linasukumwa na barabara?

#6 kapi_na_kamba (mleta uzi)

Ndiyo. Injini inazungusha gurudumu, tairi linaisukuma barabara nyuma, barabara inalisukuma tairi mbele. Aliyewahi kukwama kwenye tope anajua: injini inanguruma, tairi linazunguka, tope linarushwa nyuma, gari limetulia kama mwamba. Nguvu ya injini ipo yote. Kilichokosekana ni mwenza wa kusukumana naye.

#7 chaki_na_ubao

Naomba niingilie, nimefundisha somo hili kwa muda mrefu. Mleta uzi, hoja yako ya -ana ni tamu na nitaiiba. Ila ina shimo. Kiambishi -ana hakisemi kwamba pande mbili ni sawa. Watu wanapendana, lakini kila mtu anajua mmoja wao anapenda zaidi. Watu wanapigana, na mmoja anarudi nyumbani amevimba, mwenzake hana hata alama. Kupigana ni matendo mawili: mimi nakupiga, wewe unanipiga, na kila mmoja ana kipimo chake.

Newton hakusema tu kwamba vitu vinasukumana. Alisema vinasukumana *sawasawa*, siku zote, bila kujali nani mkubwa. Hiyo ndiyo habari yenyewe. Kwa hiyo usimfananishe na kupigana. Mfananishe na kugusana. Jaribu kumgusa mtu bila yeye kukugusa. Haiwezekani, na mguso wako kwake na wake kwako ni mguso mmoja.

Sasa niwape fumbo ninalowapa wanafunzi. Chukua mzani wa springi, ule wa kuning'iniza wenye ndoano pande zote mbili. Ulaze, funga kamba kila upande, pitisha kila kamba juu ya kapi, na mwisho wa kila kamba ning'iniza mzigo wa kilo 5. Kushoto kilo 5, kulia kilo 5, mzani katikati umetulia. Utasoma ngapi?

Msitafute jibu mtandaoni.

#8 siti_ya_mbele

Kilo 10, huku 5 na huku 5.

#9 mpita_njia

Sifuri. Zinavuta kinyume, zinafutana.

#10 ndoano_na_mshipi

Mimi fumbo siliwezi, nina ushuhuda tu. Nilikuwa kwenye mtumbwi mdogo, peke yangu, nimefika gatini. Sikuufunga. Nikasimama kwenye ukingo nikaruka kama ninavyoruka kila siku nikiwa kwenye boti kubwa. Nilipojisukuma, nikahisi mtumbwi unatoweka chini ya nyayo. Niliona gati likiwa palepale mbele ya pua yangu, mikono imenyooka, na sikulifikia. Nikatua kwenye maji na simu mfukoni. Mtumbwi niliukuta mbali kabisa, umetulia, kama vile haunijui.

Naomba kueleweshwa kwa nini boti kubwa halijawahi kunifanyia hivyo.

#11 kapi_na_kamba (mleta uzi)

Pole sana ndugu, na pole ya simu.

Ulipojisukuma kwenda mbele uliusukuma mtumbwi nyuma kwa kani ileile na kwa muda uleule. Kani sawa haina maana matokeo ni sawa. Matokeo yanategemea masi. Kama wewe una kilo 70 na mtumbwi una kilo 70, mmeachana kwa kasi sawa, wewe huku, wenyewe kule. Miguu yako ilijikunjua kiasi kilekile cha kila siku, lakini nusu ya kasi hiyo mtumbwi umeichukua. Boti la tani 50 lingechukua sehemu ndogo mno, karibu yote ingebaki kwako, ungelifikia gati.

Bunduki ni hivyohivyo. Risasi ya gramu 8 ikitoka kwa mita 700 kwa sekunde, bunduki ya kilo 4 inarudi begani kwa mita 1.4 kwa sekunde. Zidisha masi kwa kasi kila upande, utapata 5.6 na 5.6. Hiyo ndiyo momenta, na kanuni ya tatu ndiyo inayoilinda isipotee.

Na kile kitabu cha mezani? Ukikiachia kianguke, Dunia inapanda kukilaki, kweli kabisa, kwa kani ya nyutoni 10. Ila masi ya Dunia ni kilo 6 ikifuatwa na sifuri 24. Mchapuko wake (kiasi inachoongeza mwendo) unaanza na sifuri, nukta, kisha sifuri nyingine 23 kabla ya tarakimu yoyote kutokeza. Hakuna chombo kitakachopima hicho.

#12 mpita_njia

Basi hilo la Dunia kupanda ni imani tu. Kitu kisichopimika mimi sikichukui.

#13 chaki_na_ubao

Kwa kitabu, hakipimiki. Kwa Mwezi kinapimika. Masi ya Mwezi ni karibu sehemu moja ya 81 ya masi ya Dunia, si kitu cha kudharau. Kwa hiyo Mwezi hauzunguki kiini cha Dunia. Vyote viwili vinazunguka nukta iliyo kiasi cha kilomita 4,670 kutoka kiini cha Dunia, yaani bado ndani ya Dunia, kilomita 1,700 hivi chini ya ardhi. Dunia inayumba kila mwezi kwa sababu Mwezi unaivuta.

Na kuyumba huko ndiko kulikowapa watu Tuzo ya Nobel. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz walitangaza sayari inayoizunguka nyota ya 51 Pegasi. Sayari yenyewe hawakuiona. Waliiona nyota ikija na kurudi, kama mita 56 kwa sekunde, kila siku nne na ushee. Nyota inaivuta sayari; geuza sentensi: sayari inaivuta nyota. Hiyo tu. Tuzo ikaja mwaka 2019.

#14 mpita_njia

Nimeufyata.

#15 kichwa_ngumu

Mie bado. Roketi angani inasukuma nini? Hakuna hewa kule, hakuna barabara. Mwenza wa kusukumana naye yuko wapi?

#16 kapi_na_kamba (mleta uzi)

Usijione mjinga, gazeti la *New York Times* liliwaza kama wewe. Januari 1920 lilimkejeli mtafiti wa roketi, Robert Goddard wa Marekani, kwa kudai roketi inaweza kufanya kazi nje ya angahewa, likasema hajui hata yale yanayofundishwa sekondari. Goddard alirusha roketi yake ya kwanza ya mafuta ya majimaji mwaka 1926, akafariki 1945. Gazeti likachapisha masahihisho tarehe 17 Julai 1969, siku moja baada ya Apollo 11, safari ya watu wa kwanza kutua Mwezini, kuruka. Miaka 49!

Kosa ni kudhani roketi inaisukuma hewa iliyo nyuma yake. Mwenza wa roketi ni gesi yake yenyewe. Roketi inaisukuma gesi nje. Gesi inaisukuma roketi. Wakishaachana, gesi iende ikagonge hewa au isigonge chochote, hesabu imeshafungwa.

Ile roketi ya Saturn V iliyowapeleka Mwezini ilitema gesi tani zipatazo 13 kila sekunde, kwa kasi ya kama kilomita 2.6 kwa sekunde. Zidisha: kilo 13,000 mara mita 2,600 ni nyutoni milioni 34 hivi. Chombo chote kilikuwa na tani karibu 2,900, uzito wa nyutoni milioni 29 hivi. Ziada ilikuwa ndogo kuliko watu wanavyodhani, ndiyo maana ukitazama picha zile inanyanyuka taratibu kama mzee anayeinuka kitini.

Nami nasisitiza tena: kani hizi mbili hutokea papo hapo, siku zote, popote.

#17 chaki_na_ubao

Hapo kwenye "papo hapo, siku zote, popote" punguza mwendo. Kwa vitu vinavyogusana, sawa. Kwa vitu vilivyo mbali, hakuna athari inayosafiri haraka kuliko mwanga, na mwanga kutoka hapa hadi Mwezini unachukua sekunde 1.3 hivi. Kwa chembe zenye chaji zinazokwenda kasi, unaweza kukuta kani mbili kwa wakati fulani hazilingani kabisa. Kinachookoa hesabu ni uga wa sumakuumeme (athari za umeme na sumaku zilizoenea kuzunguka chembe hizo, na mwanga ni wimbi lake), ambao nao unabeba momenta. Mwanga unasukuma! Wajapani mwaka 2010 walipeleka angani chombo cha IKAROS, chenye tanga linalosukumwa na mwanga wa Jua.

Kwa hiyo kinachosimama siku zote ni kutunzwa kwa momenta. Kanuni ya tatu ni sura yake ya kila siku.

#18 kapi_na_kamba (mleta uzi)

Nakubali mwalimu, nilivuka mpaka. Nimeacha maneno yangu pale juu bila kuyafuta ili wengine waone nilipokosea.

Kwa hiyo tochi nikiiwasha nayo inarudi nyuma kama bunduki?

#19 chaki_na_ubao

Inarudi. Mwanga wa wati 1 unaisukuma tochi kwa nyutoni zipatazo 3 ukigawa kwa bilioni moja. Mkono wako hautachoka.

Nani amefikia wapi na mzani wangu?

#20 siti_ya_mbele

Jamani mimi nimelifanya lile fumbo kwa vitendo, maana kusubiri kumenishinda. Sikuwa na mizigo ya kilo 5, nimechukua chupa mbili za maji za lita moja na nusu, mzani wa kuning'iniza wa kupimia mizigo ya safari, na kapi mbili nilizozifunga kwenye migongo ya viti. Viti vilitaka kuanguka, nikaviwekea vitabu.

Mshale ukatulia kwenye kilo moja na nusu, pungufu kidogo. Si tatu. Si sifuri. Nimeugonga mzani nikidhani umekwama, ukatikisika ukarudi palepale.

#21 chaki_na_ubao

Huo upungufu ni msuguano wa kapi. Sasa toa chupa moja, hiyo kamba yake ifunge kwenye kitu kisichosogea. Kabla hujafanya, tabiri.

#22 siti_ya_mbele

Nilitabiri mshale utashuka hadi nusu, kwa sababu sasa anavuta mmoja tu. Nikatoa chupa ya kushoto, kamba nikaifunga kwenye kitasa cha mlango.

Mshale haukusogea. Nimeupiga picha mara tatu.

#23 kapi_na_kamba (mleta uzi)

Kumbe ndiyo maana! Kuna lile jaribio maarufu la karne ya 17 la Otto von Guericke wa Ujerumani, aliyeunganisha nusu mbili za tufe la shaba, akanyonya hewa ndani, kisha akafunga farasi 8 huku na 8 kule wajaribu kuyaachanisha. Farasi 16, umati ukashangilia. Angefunga upande mmoja kwenye mwamba akatumia farasi 8 tu, tufe lingepata mvuto uleule. Wale 8 wengine walikuwa kazi ya mlango wako.

Ingawa kwa watazamaji, farasi 16 wanapendeza zaidi.

#24 kichwa_ngumu

Subirini. Kwa hiyo mlango umekuwa ukivuta kwa nguvu ya kilo moja na nusu muda wote huo, bila injini, bila misuli?

#25 siti_ya_mbele

Ndiyo. Nilipofungua kamba kwenye kitasa, ukaacha. Na chupa ikadondoka, sasa hivi nafuta maji sakafuni.